Afande, mwili wa kambini hauji na wewe uraiani

Mtaani watu wana imani kwamba mjeshi hata akistaafu anabaki chuma mpaka kaburini. Kukiwa na jeneza la kubeba anaitwa afande, kukiwa na kibaka anaitwa afande, na afande mwenyewe anafurahi, anavuta tumbo ndani anaenda, halafu usiku anamwamsha mama watoto amkande mgongo. Mi nimetoka JWTZ nikiwa sajini, upande wa mizinga, na hapa nawaandikia hasa wadogo zangu mnaokaribia kupokea kiinua mgongo, maana mambo ya viwanja na bodaboda za biashara mnashauriwa mpaka mnachoka ila habari ya mwili hakuna anayewagusia.

Kwanza tuwekane sawa hapo kwenye kujilinganisha na raia. Ukichukua wanajeshi wa miaka 25 na raia wa miaka 25 ukawakimbiza, sisi tutashinda, lakini jamani sisi tulichaguliwa. Wenzetu KDF kule Kenya wakitangaza ajira wanataka mwanaume asipungue mita 1.60 na kilo 54.55, halafu kuna kukaguliwa meno, macho, nyayo, kuna kukimbizwa, mwenye kasoro anarudi kwao siku hiyohiyo. Kwetu nako ni vilevile, daktari anakupekua mwili mzima ndio unaitwa kuruta. Sasa mwenye pumu, mwenye moyo mbovu, mwenye mguu uliovunjika utotoni, wote wamebaki upande wa raia, halafu sisi tunatamba kwamba jeshi limetufanya wazima wakati tuliingia tukiwa wazima. Watafiti wa Ulaya na Marekani wanalijua hili siku nyingi, wakilinganisha vifo wanakuta wanajeshi mwanzoni wana unafuu kuliko raia, ila miaka inavyosogea ule unafuu unapungua. Na kwenye magoti na masikio hakuna cha unafuu, huko raia wanatuacha mbali.

Kilichokuwa kinakushikilia pale kambini ni ratiba. Filimbi inapigwa alfajiri hujaulizwa kama umelala vizuri, mchakamchaka, usafi, gwaride, unakula saa ileile kila siku, ugali maharage, mwezi unaisha hujui kama umefanya mazoezi maana ilikuwa kazi. Kuruta aliyeko mafunzoni anaweza kuchoma kalori 4,000 kwa siku na anakula bila kuhesabu tonge. Ukistaafu filimbi inakatika siku moja, ila tumbo halijapewa barua ya kustaafu, linaendelea kudai ugali uleule. Ongeza hapo na kukaa dukani, kukaa kijiweni, bia mbili za jioni ambazo kwa mazoea ya mesi si mbili, na ile pesa ya kwanza ya mafao inavyoleta marafiki wa nyama choma. Mkulima wa miaka 65 ambaye hajawahi kuvaa kombati na bado analima ekari yake kwa jembe anaweza kumshinda mstaafu wetu kupanda mlima, nimeona kwa macho yangu kijijini, na huyo mzee hata hajui mazoezi ni nini.

Sasa mtu akishaona kitambi anakumbuka enzi, anavaa buti siku ya kwanza anataka akimbie kilomita kumi kwenye lami. Usifanye hivyo. Magoti yako yana historia ya mabegi, kuruka ukuta, kuruka kwenye lori, kutembea na silaha usiku kwenye mashimo, na huko Marekani walikopima imeonekana kabisa kwamba waliopita jeshini wanaugua yabisi ya viungo kuliko raia. Kuna hesabu moja ya watu wa mifupa mi naipenda sana: kila kilo moja unayopunguza mwilini, goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Kwa hiyo anza na sahani kabla ya raba. Halafu tembea, kutembea kwa haraka dakika 30 siku tano za wiki inatosha kabisa kufikisha zile dakika 150 ambazo WHO wanazitaka, au baiskeli, au bahari kama uko Pwani, maji yanakubeba magoti yanapumzika. Kipimo cha nyumbani ni kukaa chini kwenye mkeka uinuke bila kushika ukuta wala bega la mjukuu. Ukishindwa, fanya kusimama na kukaa kwenye kiti taratibu asubuhi na jioni, misuli ya paja ikirudi goti linatulia.

Wa Dar mna jogging klabu kila kona, Temeke, Mbagala, Kinondoni, Jumamosi alfajiri wanapita wanaimba nyimbo zetu za mchakamchaka, na wakijua wewe ni mjeshi mstaafu watakupa uongoze. Ongoza tu, ila kaa nyuma na wale wanaotembea, hakuna atakayekushtaki. Na ile supu ya kongoro na chapati baada ya jogging ndio inarudisha kila kitu ulichokimbia, haya nimesema.

Masikio. Hapa nitakaa kidogo maana ndio jambo langu. Bunduki moja ya SMG inapolia, mlio wake karibu na sikio unapita desibeli 150, na watu wa usalama kazini wanaweka mwisho wa mlio wa ghafla kama huo kuwa 140. Mzinga usiseme. Wakati wetu kwenye renji mtu akijiziba masikio anachekwa, anaambiwa kama unaogopa mlio utaweza vita? Vile vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena, hakuna dawa, hakuna matone, hakuna mafuta ya nyonyo ya bibi. Angalia wastaafu wenzako wanavyopokea simu: wengi waliozoea kupiga risasi kwa bega la kulia sikio baya ni la kushoto, kwa sababu ukilaza shavu kwenye kitako cha bunduki sikio la kushoto ndilo linaelekea mdomo wa bunduki na la kulia limejificha kidogo kwenye kivuli cha kichwa. Mi simu ikihamishiwa kushoto naanza kusema "eeh, eeh" kwa kila kitu, siku nyingine nakuta nimekubali kuchangia harusi. Halafu kuna ule mlio wa nyenje usiku nyumba ikishatulia, wii wii isiyoisha. Ukiwa nao hujarogwa, ni jeraha la kazi, na Marekani ndilo tatizo linaloongoza kwa wastaafu wao wa jeshi wanaolipwa fidia ya ulemavu. Kinachosaidia ni kupimwa usikivu, kifaa cha kusikia kama kinahitajika, na usiku kuweka feni au redio kwa sauti ya chini ule mlio usitawale. Msikae kimya na hili, maana mtu asiyesikia anaanza kukwepa vikao, kisha kanisani au msikitini, mwisho anaonekana mkali kumbe hasikii.

Presha na sukari nitapita haraka, mnazijua. Presha mara nyingi haina dalili, 140 kwa 90 ikijirudia siku tofauti ni presha hata kama unabeba gunia, na ule ukakamavu wa kifua mbele hauizuii. Zaidi ya miaka 50 ulizia pia tezi dume, siku hizi wanaanza na kipimo cha damu, wale mnaokimbia kwa kuogopa kidole mmetishwa bure. Sigara za lindo nazo ziachwe palepale lindoni.

Wazee wetu wa vita vya Kagera wao wana yao. Wengine walitoka Mutukula Januari 1979 wakapita Masaka mpaka Kampala 11 Aprili, sehemu kubwa kwa miguu na mzigo mgongoni, na wadogo kabisa kati yao sasa wamefika miaka ya sitini. Ukiwa na mmoja nyumbani usimpime kwa jirani yake mstaafu wa benki ukasema mzee anadeka. Uliza kama ana kipande cha chuma mwilini, wengine wamekaa navyo muda wote huo, na daktari lazima ajue kabla hajamwingiza kwenye mashine ya MRI, ile ina sumaku kali.

Ambao bado mko kazini: kabla hujakabidhi vifaa, pima usikivu, pima macho, piga picha mgongo kama unakusumbua, na kila ulipoumia kazini hakikisha imeandikwa kwenye faili lako halafu wewe mwenyewe toa kopi. Kusema "niliangukia kule Darfur, kamanda wangu anajua" haikusaidii kamanda akishastaafu na yeye. Hospitali za jeshi kama Lugalo bado zipo kwa ajili yenu, msiende siku ya kubebwa tu.

Na kitu ambacho naona kinaua wenzetu kimyakimya ni diklofenaki. Goti linauma, mtu anaenda duka la dawa, anameza, goti linanyamaza, kesho tena, mwaka unakatika. Hiyo dawa ikitumika mfululizo inapandisha presha, inaumiza figo, inachoma tumbo, na mwenye presha tayari ndio hatari zaidi, hasa kama anatumia na vidonge vya presha pamoja. Kwa maumivu ya siku mojamoja anza na paracetamol au ile jeli ya kupaka, na kabla yule binti wa duka la dawa hajakukatia vidonge mwambie una presha, yeye hawezi kujua kwa kukuangalia kifua.