Waya wa plagi mbili na jenereta: usiuchomeke

SWALI: Tangu kimbunga kipite, leo siku ya nne hatuna umeme. Nina jenereta ya kilowati 3. Fundi amenitengenezea waya wenye plagi huku na huku: upande mmoja naingiza kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi ya jikoni, nyumba nzima inawaka. Anasema nikizima meni swichi hakuna hatari. Shida yangu hasa ni friji na taa. Niutumie?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Hayo maneno ya "ukizima meni swichi hakuna hatari" nayasikia kila kimbunga kikipita, tena kutoka kwa watu wanaolipwa kama mafundi, na kila mara yananitia hofu.

Tazama hiyo plagi kwanza. Plagi ya kawaida meno yake hayana umeme mpaka yaingie kwenye soketi. Ya kwako ni kinyume: jenereta ikiunguruma, mtu akajikwaa waya ukachomoka ukutani, meno yanabaki nje yakiwa na umeme kamili, gizani, pengine sakafu imelowa. Niliwahi kushika waya wa namna hii uliotolewa kwenye nyumba moja baada ya dhoruba. Plagi ilikuwa imeyeyuka ubavu mmoja, meno meusi, na katikati nyaya zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu ya karatasi. Hata tepu ya umeme haikuwa.

Sasa hiyo meni swichi. Leo utaikumbuka. Siku ya tisa umechoka, jenereta anaiwasha kijana wako, naye anajua tu kuvuta kamba. Ikisahaulika mara moja, umeme wako unapita kwenye meta unatoka hadi kwenye nguzo. Nikifika hapo najibiwa kwamba transfoma kazi yake ni kupunguza umeme. Si kweli. Transfoma inafanya kazi pande zote mbili. Ukiilisha volti 230 kutoka upande wa nyumba, upande wa laini kubwa zinatoka maelfu. Kama laini ile ni ya volti 11,000, basi ni hizo zitakazokuwa kwenye waya ulioanguka njiani.

Wengine hunijibu kwamba jenereta ndogo haiwezi kubeba mtaa, itazimika yenyewe. Siku ya kawaida mara nyingi huzimika kweli. Lakini kimbunga kimekata laini vipande vipande, na kipande chako huenda kimebaki na transfoma moja na nyumba tatu. Mzigo huo jenereta yako inaubeba bila kukohoa. Mafundi wa laini hupima na kufunga waya wa ardhi kabla ya kugusa, lakini mama anayeondoa tawi lililolala juu ya waya hana kipimo. Na siku umeme wa gridi utakaporudi huku meni swichi haijazimwa, utakutana na wa jenereta uso kwa uso. Ukinusurika na moto, jenereta haitanusurika.

Fanya hivi. Jenereta iwe nje, na friji uiunganishe moja kwa moja kwa ekstensheni nene yenye nyaya tatu, iliyokunjuliwa yote, isiyobaki imeviringwa. Washa friji kwanza peke yake, kwa sababu mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida, kisha ndipo uongeze taa. Wala huhitaji kuiendesha usiku kucha: friji isiyofunguliwa hushika baridi kwa muda wa saa 4 hivi, na friza iliyojaa hufikisha saa 48. Ukitaka nyumba nzima iwake, hiyo ni kazi ya chenjiova, swichi ambayo kwa umbo lake haiwezi kuunganisha gridi na jenereta kwa wakati mmoja. Ifungwe na fundi mwenye leseni, kabla ya msimu ujao wa vimbunga.

Umesema jenereta itakaa wapi? Hukusema, na hilo ndilo huua watu wengi zaidi. Kimbunga Laura kilipopiga Louisiana, Marekani, Agosti 2020, upepo ulishatulia watu wakaendelea kufa ndani ya nyumba zao kwa moshi wa jenereta. Gesi yenyewe, monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu, nayo hushika damu kwa nguvu kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, mtu anadhani ni uchovu, analala. Kibarazani si nje. Gereji iliyofunguliwa mlango si nje. Dirisha wazi halisaidii. Ndilo gesi inapoingilia. Weka mita 6 au zaidi kutoka kwenye mlango na dirisha lolote, la jirani pia, bomba la moshi likitazama mbali na nyumba. Ukihofia mvua, ijengee paa dogo lililo wazi pande zote hukohuko iliko. Mtu akianza kulalamika kichwa jenereta ikiwa inawaka, toeni watu wote nje kwanza, kisha piga simu ya dharura.

Na huo waya usiuhifadhi stoo, maana kuna mtu atauona siku haupo nyumbani. Ukiwa haujachomekwa popote, chukua koleo, kata plagi moja na uitupe.