Unaanza na data za milipuko ya miale ya gama? Jua kwanza setilaiti ilikuwa wapi

Mnaoanza kazi hii nawaomba sana, msikimbilie kufiti modeli. Data za Fermi na Swift, setilaiti zinazonasa milipuko hii, ni bure, mwenye laptopu na bando anadaunlodi, sasa wengi wakishapata faili wanaitupia programu, programu inatema namba na wao wanaziamini hivyohivyo. Chora kwanza grafu ya hesabu za fotoni kwa muda, itazame kwa macho yako, halafu uliza dakika hizo setilaiti ilikuwa inapita wapi na imeelekea wapi.

Chukua mlipuko wa tarehe 17 Agosti 2017, uliofika sekunde 1.7 hivi baada ya mawimbi ya graviti ya nyota mbili za nyutroni zilizogongana, kwa saa za kwetu ilikuwa saa 9 na dakika 41 alasiri. Fungua data ya GBM, kile kifaa cha Fermi chenye detekta 12 za iodidi ya sodiamu zinazotazama pande tofauti, utakuta kinundu kidogo tu juu ya mionzi inayopiga detekta muda wote, na ukijumlisha zote 12 kinafifia zaidi, chagua zile zilizoelekea upande wa mlipuko. LAT, kifaa kingine cha Fermi hiyohiyo kinachopokea miale ya nishati kubwa, haikuona kitu, lakini usiandike kwamba hakukuwa na miale ya nishati kubwa! Fermi ilikuwa kwenye lile eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe zenye chaji zinashuka chini sana, na LAT ikipita pale hairekodi. Haikuwa inatazama, basi.

Obiti ina uzito huo. Setilaiti ya BeppoSAX ya Waitaliano waliizungusha karibu kabisa na ikweta, hilo eneo ikaligusa pembeni tu, ndo maana ile mionzi inayopiga detekta zake muda wote ilitulia, na kila mzunguko ilipita juu ya Malindi kuteremsha data. Februari 1997 ndo ikanasa mwanga wa eksirei uliobaki baada ya mlipuko, wa kwanza kuonekana, na mimi nikiwaza kwamba data ile ilishukia pwani ya Kenya nafurahi mno.

Kuhusu T90, yaani muda wa kupokea asilimia 90 ya fotoni katikati, usiichukue kama umri wa mlipuko wenyewe. Ule wa 11 Desemba 2021 Swift iliupa sekunde 51 hivi, GBM 34, mlipuko ni uleule ila vifaa vinapokea nishati tofauti na unyeti tofauti, tena mrefu vile na bado ukaja na kilonova, yaani mng'ao unaofuata nyota za nyutroni zikigongana, jambo tunalolitegemea kwa milipuko mifupi, wakati mpaka wa sekunde 2 kati ya mifupi na mirefu, tuliorithi kwa kifaa cha zamani cha BATSE, ungeuweka kundi lingine kabisa.

Na ukigusa ule wa 9 Oktoba 2022, mkali kuliko yote iliyowahi kurekodiwa, detekta za GBM zilielemewa pale kileleni kwa hiyo hesabu zilizo kwenye faili si za kweli, timu yao ilitangaza sekunde zisizofaa, zitoe kabla hujafiti chochote.