Majaribio ya Jikoni: Puto Lililolala na Rozela Isiyobadilika Rangi

SWALI: Nilitaka pacha wangu wa miaka 5 waone hamira ikijaza puto. Nilitia hamira, sukari na maji ya moto kwenye chupa, nikavisha puto mdomoni. Saa nzima, puto limelala tu. (Mama Pacha, Morogoro)

JIBU: Mama Pacha, tunayashuku kwanza hayo maji ya moto. Hamira ni viumbe hai vidogo mno vinavyokula sukari na kutoa hewa ya ukaa, na joto likizidi nyuzi 55 hivi vinaanza kufa. Changanya sehemu moja ya maji yaliyochemka na tatu za maji ya bomba. Ukichovya kidole usikie joto bila kuungua. Kwa chupa ya nusu lita tia nusu kikombe cha maji hayo, kijiko kimoja cha chai cha hamira kavu na viwili vya sukari, utikise.

Puto lipulize mara mbili tatu kabla ya kulivisha, kisha ulitoe upepo. Likiwa jipya ni gumu, na hewa ya mwanzo haina nguvu ya kulinyoosha. Funga shingo kwa uzi. Dakika 15 zikipita bila povu juu ya maji, hamira imekufa, pengine pakiti ilikaa wazi muda mrefu. Povu likiwepo na puto bado limelala, hewa inavuja.

Tunakusihi uandae na chupa ya pili yenye kila kitu isipokuwa sukari. Watoto wakiziona mbili zimesimama pamoja, watajua wenyewe hamira inakula nini. Puto likipasuka, okota vipande mara moja; mtoto akimeza kipande kinaweza kumkaba.

SWALI: Nilitaka watoto waone maji ya kabichi nyekundu yakibadilika rangi kwa limau na magadi soda, lakini kabichi hiyo hapa kwetu ni ghali, nikatumia rozela. Nikitia limau rangi haibadiliki, nikitia magadi soda inatoa povu na kubaki nyekundu. (Baba wa watatu, Dodoma)

JIBU: Rozela inafaa sana, ila yenyewe ina uchachu kama limau. Tayari ni nyekundu kwa sababu ya uchachu wake, kwa hiyo limau halina la kuongeza. Magadi soda nayo huishia kupambana na uchachu huo kwanza, ndiyo lile povu.

Dawa yake ni kuizimua. Loweka konzi moja ya rozela kavu katika kikombe cha maji ya moto kwa dakika 10, chuja, kisha tia vijiko viwili vya chai vya maji hayo katika nusu glasi ya maji safi. Jaza glasi nne namna hiyo. Ya kwanza iache kama ilivyo, ya kulinganishia. Ya pili tia limau, ya tatu magadi soda kidogo kidogo hadi igeuke zambarau au buluu, ya nne maji ya majivu yaliyochujwa, ambayo yakiwa makali huisukuma kuelekea kijani. Hiyo ya majivu mtu mzima aishike mwenyewe, isinywewe wala isiguse macho.

SWALI: Nilitaka kuonyesha yai likizama kwenye maji matupu na kuelea kwenye maji ya chumvi, lakini langu linaelea hata kabla ya kutia chumvi! (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hilo ni yai la zamani. Maji yake yamepungua kupitia ganda na nafasi ya hewa ndani imekua. Tafuta yai bichi la juzijuzi. Litazama kwenye glasi ya maji ya mililita 250, na litapanda ukikoroga vijiko vitatu vya mezani vya chumvi.