Jibu: CDK1 haiipi mota nguvu. Futa huo mshale kabla ya mtihani

Mdogo wangu wa bioloji mwaka wa pili, huo mshale unaotoka CDK1 (kinasi, yaani protini inayobandika fosfati kwenye protini nyingine) kwenda Eg5 (mota, yaani protini inayotembea ndani ya seli), ambao umeandika juu yake "nishati", ufute leo. Salamu tutapeana baadaye. Umeuliza mota gani inafanya kazi gani seli inapogawanyika, dawa za kansa zinagonga wapi, na namna ya kushika hatua zote kichwani kabla ya mtihani wa mdomo. Sawa, lakini ukiingia na mchoro uliotuwekea hapa, hawatakufikisha hata kwenye swali la pili.

Najua ulikoutoa. Ni ile silabusi ya fotokopi ya fotokopi, ambayo kurasa zake nusu ni kivuli cha wino. Mimi niliinunua mkononi mwa asistanti mwenyewe, maana asiyenunua alijua pointi zake za intero, yaani majaribio ya darasani, zitakwenda wapi. Nikamwuliza kwa heshima zote: fosfati ambayo kinasi inaitoa kwenye ATP, ile molekuli ya nishati ya seli, ndiyo inayoisukuma mota? Akajibu bila kuinua macho kwenye simu: "ATP ni ATP." Maneno matatu hayo yamenilia minervali, yaani karo, ya mwaka mzima. Yeye siku hizi anapita Ibanda na gari. Mimi bado nina silabusi, na ukitaka kuwashia makaa njoo uichukue.

Nilijenga TFC yangu, ile kazi ya kumalizia masomo, juu ya mshale huo. Sura nzima ilisema CDK1 inachukua fosfati kwenye ATP, inaipitishia Eg5, na Eg5 inatembea kwa nguvu hiyo. Michoro ilikuwa ya rangi, nikailipia kila ukurasa. Siku ya kutetea, mzee mmoja wa juri akaniuliza taratibu kabisa: "Mwaka 1985 Vale, Reese na Sheetz walitoa kinesini, mota ya ukoo wa Eg5, kwenye tishu za neva za ngisi, wakaiweka juu ya kioo pamoja na mikrotubuli (nyuzi ambazo mota hutembea juu yake) na ATP, na mikrotubuli zikaanza kuteleza. Kinasi ilikuwa wapi juu ya kioo kile?" Nikajibu kwamba labda ilijificha. Oditwari yote ikacheka, na mimi nikacheka nao, sasa ningefanya nini? Baada ya hapo hakuna aliyeuliza kitu kingine, na kwa wanaojua juri, ukimya ule si wa amani.

Sikiliza basi. Mota inakula ATP yake kwa kichwa chake yenyewe. Kinesini hupiga hatua ya nanomita 8 hivi, na kila hatua inavunja ATP 1. Fosfati ya kinasi haimo katika hesabu hiyo hata kidogo. Kinasi inabandika fosfati kwenye asidi amino fulani ya protini, na protini ile inabadilika tabia: inashika mahali pengine, inaachia, au inangoja. Ni kazi ya polisi wa rulaji, yule wa barabarani. Anakupungia mkono upite au usimame, ila petroli hakutilii. Mara nyingi yeye ndiye anayekuomba ya maji.

Chukua hiyo Eg5 yako. Ina vichwa vinne, viwili huku na viwili kule. CDK1 inabandika fosfati mkiani mwake, kwenye treonini moja, ndipo Eg5 inapokwenda kushika spindeli, ule mtambo wa mikrotubuli unaogawa kromosomu, vizuri. Ikishashika, vichwa vinajilisha vyenyewe. Inatembea kwa wakati mmoja juu ya mikrotubuli mbili zinazotoka pande tofauti, na kwa kutembea hivyo inazisukuma ncha mbili za spindeli zitengane. INASUKUMA. Wewe umeichora inavuta kromosomu kama mbuzi wa sokoni, lakini hilo nakusamehe kwa sababu halinigusi mfukoni.

Ushahidi wa kuwafunga mdomo ni monastroli, kemikali iliyotangazwa 1999. Inaizuia Eg5 bila kuigusa CDK1. CDK1 iko macho, imejaa tele, na bado ncha hazitengani: kromosomu zinakaa duara kuzunguka ncha moja. Kama nguvu ingekuwa inatoka kwa CDK1, mbona imeshindwa?

Kwa hiyo kila fosfati utakayochora, andika pembeni yake: ya kuliwa, au ya kubandikwa? Ya kuliwa iko kichwani mwa mota. Kama ni ya kubandikwa, ongeza jina la atakayeibandua. Usipoweza kuandika hayo, usichore.

Jaribu kwa Aurora B, kinasi nyingine. Inakaa kwenye sentromia (kiuno cha kromosomu), inabandika fosfati kwenye Ndc80, protini ya kinetokori, na mshiko wa kinetokori (sehemu ya kromosomu inayoshika spindeli) juu ya mikrotubuli unalegea ili kosa lirekebishwe. Kromatidi dada zikishikwa sawasawa kutoka ncha mbili, mvutano unaipeleka Ndc80 mbali na Aurora B, fosfati zinabanduliwa, mshiko unakaza. Umeona nishati ya kutembea popote hapo?

Dawa za kansa, haraka: vinkristini, inayotoka kwenye lile ua la Madagaska, Catharanthus roseus, inazuia mikrotubuli zisijengeke; paklitakseli inazigandisha zisibomoke. Hazigongi mota wala kinasi.

Na watakuuliza juu ya kubandua, hapo ndipo wanapowakamata wengi. Anafezi, hatua ya kromatidi dada kuachana, haianzi kwa CDK1 kuongezeka. APC/C, mtambo wa seli wa kutia alama protini za kuharibiwa, inaharibu saiklini B, mshirika wa CDK1, CDK1 inaanguka, na fosfatazi (vimeng'enya vya kubandua fosfati) kama PP2A zinabandua ilizobandika. Fosfati za CDK1 ndizo zilizokuwa zinamzuia Aurora B asiungane na mota MKLP2. Zikitoka, MKLP2 inampeleka katikati ya spindeli, pale seli itakapokatika. Yaani hapo mota inaanza kazi kwa sababu fosfati IMEONDOKA. Sasa mshale wako wa nishati ungeuchora ukielekea wapi?