Maswali ya maskauti: Paxtu, kaburi la Nyeri na madaftari ya kundi

Je, Paxtu ya Nyeri ndiyo iliyokuwa makao makuu ya skauti Kenya? Na jina hilo lina maana gani?

Paxtu ilikuwa nyumba ya kuishi, wala haikuwa ofisi. Makao makuu ya Chama cha Skauti Kenya yako Rowallan, Nairobi. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti duniani, na mkewe Olave walijengewa Paxtu mwaka 1938 katika uwanja wa hoteli ya Outspan, mali ya Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu binafsi wa Baden-Powell. Huko Uingereza walikuwa wakiishi Pax Hill, na "pax" ni amani kwa Kilatini. Hiyo "tu" si "tu" yetu ya Kiswahili: ni sauti ya neno la Kiingereza la "mbili", ambalo hutamkwa sawa na lile la "pia". Ni Pax ya pili, basi. Baden-Powell alifia humo tarehe 8 Januari 1941, akiwa na miaka 83. Baadaye nyumba ilikaliwa na Jim Corbett, mwindaji wa simbamarara waliokula watu huko India, hadi alipofariki mwaka 1955.

Ni Baden-Powell aliyeleta skauti Kenya?

La. Skauti ilianza Kenya mwaka 1910, miaka 28 kabla hajahamia Nyeri.

Duara yenye nukta kwenye kaburi lake ni ya nini?

Ni alama ya njia, yaani ishara ambayo skauti huwaachia wenzake njiani: "Nimerudi nyumbani." Kuiweka chini, chomeka kijiti, funga uzi wa sentimita 15, zungusha kuchora duara, panga kokoto juu ya mstari, kisha ng'oa kijiti na uweke jiwe moja mahali pake. Wengi husahau jiwe la katikati, na hapo alama haisomeki. Iweke kando ya njia, upande wa kulia, ambako miguu haitaivuruga.

Kundi letu halina daftari la zamani. Tutajuaje lilianza lini?

Msimwulize mzee mwaka. Atakisia, na kisio hilo litageuka "historia". Mwulizeni alikula kiapo cha skauti akiwa darasa la ngapi, nani alikuwa mwalimu mkuu, bendera iliyopandishwa ilikuwa ya mkoloni au ya uhuru. Hojini watu watatu, kila mmoja peke yake. Halafu linganisheni na kitabu cha matukio cha shule na rejista ya skauti ya wilaya. Mwaka wa kusajiliwa si lazima uwe mwaka wa kuanza, kwa hiyo andikeni yote miwili.

Mchwa wameingia kwenye albamu. Tufanyeje?

Itoeni kwenye banda leo hii. Ifungueni kivulini, kwani jua hufifisha picha, na mpanguse vumbi kwa brashi laini kavu. Picha zilizogandana msizibandue kwa nguvu. Rangi itabaki upande wa pili. Zipigeni kwa simu kwanza, bila flashi. Nyuma ya kila picha andikeni majina kwa penseli laini, maana wino wa kalamu hupenya hadi mbele. Msitumie selotepu: gundi yake hugeuka njano na kula karatasi. Hifadhini kwenye sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali, mbali na ukuta, na mlifungue kila mwezi. Skafu za zamani zifueni na kuzikausha kabisa kabla ya kuziweka, kwa sababu jasho huvuta nondo.