Wiki tatu zilizolisha mwaka mzima: majibu kuhusu kikapu cha vyuo Marekani

Safu iliyopita niligusia jinsi korona ilivyofuta mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani mwezi Machi 2020, na tangu hapo simu yangu haijatulia. Nimechambua maswali matano.

Mashindano ya wanafunzi yakifutwa, hasara inatoka wapi? Kwetu UMISSETA ikiahirishwa watoto wanarudi nyumbani, basi. (Msomaji, Morogoro)

Tofauti ni runinga, ndugu yangu. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo kule, mwaka 2010 kiliziuzia kampuni za runinga za CBS na Turner haki za kuonyesha mashindano yake ya kikapu kwa wanaume: miaka 14 kwa dola bilioni 10.8. Mwaka 2016 wakaongezana mkataba hadi 2032 kwa bilioni 8.8 nyingine. Mashindano yenyewe ni wiki tatu tu, lakini ndiyo yanayoleta sehemu kubwa ya mapato ya NCAA. Mieleka, kuogelea na riadha, ambazo hakuna kituo kinachogombania kuzionyesha, zinakula humo humo.

Pesa hushuka hivi. Timu ikicheza mechi, isipokuwa ya fainali, umoja wa vyuo inakotoka huandikiwa fungu moja. Mwaka 2019 fungu lilikuwa takriban dola 280,000 kwa mwaka, nalo hulipwa miaka sita mfululizo. Chuo kisichojulikana kikicheza mechi tatu kabla ya kutolewa, kimewaletea wenzake karibu dola milioni 5. (Timu za wanawake hazikuwa na fungu lolote hadi 2025. Nimeliweka kwenye mabano, lakini siku moja nitaliandikia safu nzima.)

Sasa fikiria Alhamisi ile, tarehe 12 Machi. Pale Madison Square Garden, New York, timu za vyuo vya Creighton na St. John's zilianza robo fainali ya umoja wao wa Big East viti vikiwa karibu vitupu. Nusu ya kwanza ikaisha, St. John's 38, Creighton 35. Wakaingia vyumbani kupumzika na hawakurudi tena. Jioni hiyo NCAA ikafuta mashindano makubwa ya wanaume na ya wanawake. Yale ya wanaume yalikuwa hayajawahi kukosa kufanyika tangu yaanze mwaka 1939.

Vyuo vya daraja la kwanza vilikuwa vikisubiri mgao wa dola milioni 600. Vikapewa 225. Ni kama kijumbe wa upatu aje siku yako ya kupokea na bahasha haijafika hata nusu, wakati wewe ada ya mtoto umeshaahidi.

Kwani hawakuwa na bima? (Msomaji, Mombasa)

Walikuwa nayo, ya dola milioni 270. Mapato ya NCAA yalikuwa zaidi ya bilioni 1.1 mwaka wa fedha 2019, yakaanguka hadi takriban milioni 519 mwaka 2020. Piga hesabu mwenyewe uone pengo lililobaki. Hata zile milioni 225 walizogawa, 50 zilichotwa kwenye akiba, na nyingine wakazitafuta wakitegemea kurudisha bima ikishalipa. Kabla mwaka haujaisha wafanyakazi wa makao makuu Indianapolis, karibu 600, walipelekwa likizo bila malipo kwa zamu.

Mimi siwacheki. Bima ya janga ni ghali, na mhasibu anayeilipia miaka kumi bila kuugua mtu huonekana mpotevu. Wimbledon, wale wa mashindano ya tenisi Uingereza, waliilipia miaka yote hiyo, na 2020 ndio waliocheka.

Wachezaji wenyewe walifidiwa nini? (Msomaji, Dodoma)

Mshahara hawakuwa nao, kwa hiyo hakukuwa na cha kufidia. Wale wa michezo ya majira ya kuchipua, kama besiboli na riadha za nje, waliongezewa mwaka mmoja wa kucheza. Wa kikapu waliokuwa mwaka wa mwisho hawakuongezewa. Na huo mwaka wa nyongeza gharama yake ilibaki kwa chuo, ambacho kiliruhusiwa kumpa mwanafunzi udhamini pungufu ya ule wa awali.

Kijana wangu ni mkimbiaji na anatafuta udhamini huko. Chuo kikiishiwa, si wataanza na riadha? (Mzazi, Eldoret)

Mzee wangu, hofu yako ina msingi. Mei 2020 chuo cha Akron kilifuta mbio za nyika za wanaume, na Central Michigan kikafuta riadha ya wanaume, ya ndani na ya nje. Stanford, ambacho hakuna anayekihesabu kuwa maskini, kilitangaza Julai kwamba kitafuta michezo 11 kati ya 36. Kiliahidi kwamba waliokwishapewa udhamini wangeendelea nao, lakini udhamini bila timu ni nini kwa mtu aliyevuka bahari ili akimbie?

Machi 2021 mwanamieleka wa Stanford, Shane Griffith, alitwaa ubingwa wa taifa akiwa amevaa nguo nyeusi isiyo na jina la chuo chake. Mei chuo kikarudisha michezo yote 11. Kwa hiyo kabla kijana hajasaini, muulize kocha timu yake inalipiwa na nani: mfuko mkuu wa chuo, wafadhili wa timu yenyewe, au mgao wa kikapu na soka ya Kimarekani.

Walipona lini, na mashabiki walirudishiwa pesa za tiketi? (Msomaji, Kigoma)

Tiketi zilirudishwa. Mwenye hoteli na muuza vinywaji wa Atlanta, mji uliokuwa uandae fainali, huyo hakuwa na wa kumrudishia.

Kupona kulichukua mwaka mmoja. Mwaka 2021 mashindano yote ya wanaume yalifungiwa jimbo la Indiana, watazamaji wasizidi robo ya viti. Timu ya chuo cha VCU ilikutwa na maambukizi saa chache kabla ya kucheza na ya chuo cha Oregon, mechi ikafutwa, Oregon wakasonga mbele bila kutoka jasho. Viti vitupu, mechi pungufu, na bado mapato ya NCAA yakapanda tena juu ya dola bilioni 1.1, kwa sababu safari hii kamera ziliwashwa.