Maswali na majibu: Mjasiriamali ni nani, na mtaji wake huliwa wapi?

Nina duka la rejareja Morogoro: sukari, sabuni, vocha. Shemeji yangu ananiambia mimi ni mchuuzi tu, si mjasiriamali. Nani yuko sahihi?

Inategemea mnamwuliza nani. Kwa Richard Cantillon, Muayalandi aliyekuwa na benki Paris, wewe ni mjasiriamali kamili. Kitabu chake kilichapwa 1755, yeye akiwa ameshafariki tangu 1734, na kipimo chake ni kimoja: mjasiriamali hununua kwa bei anayoijua, akauza kwa bei asiyoijua. Mwenye mshahara anajua mwisho wa mwezi ataingiza ngapi. Wewe umenunua mfuko wa sukari wa kilo 50 leo, na wiki ijayo bei inaweza kushuka mfuko ukiwa bado nusu. Mwanauchumi Joseph Schumpeter, kwa alivyoandika mwaka 1911, angekuwa upande wa shemeji yako: kwake lazima ulete jambo jipya, iwe bidhaa, njia ya kuzalisha, soko, chanzo cha malighafi au namna ya kupanga kazi. Sisi tunampa pointi Cantillon. Upya unaweza kuja baadaye. Ile bei usiyoijua inakusubiri tangu siku ya kwanza.

Neno lenyewe limetoka wapi? Na wazee wetu walikuwa nao ujasiriamali, au tumeletewa?

Neno ni la kuunganisha: jasiri na mali, yaani anayethubutu kwa mali yake. Wafaransa, ambao kwao mjasiriamali ni entrepreneur, walilitoa neno lao kwenye kitenzi cha kuianza na kuibeba kazi.

Jambo lenyewe ni la zamani. Karne ya 19 mkuu wa msafara alichukua vitambaa vya merikani, shanga na bunduki Zanzibar kwa mkopo, akaenda bara, akarudi na pembe za ndovu ndipo alipe. Tippu Tip alikopeshwa hivyo na Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Machinga wa leo anayebeba mzigo wa Kariakoo kwa mali kauli, yaani auze kwanza ndipo alipe, angeuelewa mpango ule bila kufafanuliwa. Ila tusiupake sukari: misafara ile ilikamata na kuuza watu. Mwanauchumi William Baumol aliandika mwaka 1990 kwamba ujasiriamali unaweza kujenga, kutozalisha chochote, au kubomoa, kulingana na kile ambacho jamii inakilipa vizuri. Misafara ya watumwa ni mfano wa kubomoa.

Natengeneza siagi ya karanga. Kilo 10 nanunua 40,000, natoa makopo 25 ya gramu 400, nauza 3,500. Yanaisha yote, lakini kila mzunguko naongezea hela ya nyumbani. Nakosea wapi?

Dada, makopo 25 hayapo. Karanga zikikaangwa hupoteza maji, zikipepetwa hupoteza maganda, na mbovu unazitoa. Kilo 10 hubaki kama 9, na gramu mia mbili hivi hunasa kwenye mashine. Una makopo 22, yaani mauzo ya 77,000, si 87,500.

Sasa matumizi. Tuseme makopo ni 500 kila moja (11,000), lebo 100 (2,200), kusagisha kilo 9 kwa 700 (6,300), mkaa 3,000, nauli 4,000. Pamoja na karanga ni 66,500. Kinachobaki ni 10,500. Umefanya kazi siku mbili. Ungemlipa kibarua 8,000 kwa siku, hiyo ni 16,000. Una hasara ya 5,500, na kwa kuwa wewe na watoto lazima mle, mnakula mtaji.

Kopo moja linakugharimu 3,750 kabla ya faida. Uza 4,500, au punguza gharama kwa kununua karanga zenye maganda msimu wa mavuno. Hapo uwe makini: tikisa ganda sikioni, punje ikicheza imekauka. Isipocheza usiihifadhi, itaota ukungu wenye sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi yote. Punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zilizovunjika zitoe kabla ya moto.

Mafuta yakielea juu ya kopo, haijaharibika, mteja akoroge. Ikinuka kama rangi ya ukuta, hiyo imechacha.

Mjasiriamali akifanikiwa ananufaika yeye. Uchumi wa nchi unapata nini?

Angalia pesa ya simu. Majaribio ya M-Pesa Kenya yalianza 2005 kwa ajili ya watu kurejesha mikopo midogo. Wateja wakaanza kutumiana wenyewe kwa wenyewe, na waanzilishi wakaifuata tabia hiyo; huduma ikazinduliwa Machi 2007. Bahasha za fedha alizokabidhiwa kondakta wa basi zikapungua, uwakala ukawa ajira, na fundi wa Nairobi akaweza kununua vipuri bila kusafiri. Kuna walioumia pia, hasa waliokuwa wakiishi kwa kusafirisha bahasha zile. Schumpeter aliona hilo mapema: kipya huja kikibomoa cha zamani.

Kikundi chetu kinataka mkopo wa halmashauri. Tujiandae vipi?

Ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, kikundi kikiwa na katiba na akaunti. Kosa linaloua vikundi ni kugawana fedha siku ileile kila mtu akafanye lake. Mmoja akikwama, deni linabaki la wote. Pangeni rejesho la kwanza baada ya mzigo wa kwanza kuuzwa. Mkifuga kuku wa nyama, hesabuni wiki tano au sita, na za kutafuta mnunuzi juu yake.